Kama Hawezi Kukushona Kwao, Asikushone Hapa

Najua hii posti itanipotezea wafuasi kadhaa, na pengine kazi moja ama mbili za kushuti. Sawa tu. Nimekaa na hii stori karibu miaka miwili, na kila nikiona video mpya ya mwanafunzi wa ng'ambo amevaa koti jeupe kwa wodi yetu, amebeba mtoto wetu, roho inanichoma. Leo naisema yote, pamoja na sehemu yangu ndani yake.

Kama wewe ni mgeni hapa: mimi ni yule wa kuacha chuo. Nilisoma uuguzi hadi mwaka wa pili, karo ikanishinda, pesa ya HELB haikutosha, nikatoka. Kwa hivyo sijafuzu. Shika hiyo, juu ndiyo stori yenyewe. Wodi naijua kidogo tu, lakini hicho kidogo kilitosha kunifunza vitu ambavyo sikufaa kugusa.

Baada ya kutoka nilikuwa nimesota kabisa. Rafiki akaniunganisha na kampuni moja inayoleta wanafunzi kutoka nje waje kujitolea hospitalini. Walitaka mtu wa kutafsiri na kushuti video. Elfu mbili kwa siku, chakula juu yao, nyumba ina waifai, kazi iko Pwani. Wewe ungekataa? Mimi nilipanda basi usiku huo huo.

Hospitali sitaitaja. Ilikuwa ya kaunti, ya kawaida. Foleni inaanza kabla jua litoke, wauguzi wawili kwa wodi nzima, akina mama wawili kitanda kimoja. Kiswahili changu cha Umoja kiliwachekesha wagonjwa. Mama mmoja aliniuliza, "Mwanangu, hicho Kiswahili ulifunzwa na makanga?"

Wanafunzi walikuwa wanane, wa miaka kumi na nane hadi ishirini na mbili. Wacha niseme mapema: hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wapole, walisalimia kila mtu, walinunua mahamri kwa yule mama wa geti kila asubuhi na kukataa chenji. Wawili walikuwa wanasoma udaktari kweli. Wengine walikuwa wanasoma baiolojia, saikolojia, mmoja biashara. Lakini wote walikuwa na koti jeupe na stethoskopu shingoni. Na kwa wodi zetu mnajua venye inaenda: mwenye koti jeupe anaitwa daktari. Hakuna mgonjwa anaomba cheti.

Sasa sikia. Jumamosi moja usiku analetwa jamaa wa bodaboda, ameanguka, mguu umepasuka chini ya goti. Afisa wa kliniki alikuwa mmoja tu, na ndani kulikuwa na mama anayevuja damu. Akasafisha kile kidonda haraka, akadunga ganzi, kisha akamgeukia msichana mmoja kati ya wale wanafunzi. Miaka kumi na tisa, mwaka wa kwanza, baiolojia. Akamuuliza kama anataka kujaribu kushona. Akamwonyesha mishono miwili ya kwanza, akakimbia ndani.

Mimi niko na simu mkononi, nashuti. Ndiyo kazi nililipiwa.

Yule jamaa akanitazama akauliza, "Sasa huyu daktari katoka nchi gani?"

Nikamtafsiria msichana: anauliza umetoka nchi gani. Akajibu Marekani. Nikamwambia jamaa, Marekani. Akatulia, akafunga macho, akaachilia mguu wake.

Mnaona nilichofanya? Lile neno "daktari" niliacha lipite. Sikumtafsiria msichana, na sikumrekebisha jamaa. Hakuna mtu aliyesema uongo chumba kile, na bado mtu mzima alishonwa na mtoto wa mwaka wa kwanza akiamini anashonwa na daktari. Ruhusa yake niliiba mimi, kwa elfu mbili.

Usiku huo tulikaa nje na yule msichana. Alikuwa anatetemeka, furaha na woga pamoja. Nikamuuliza kama kwao pia anajitolea hospitalini. Akasema ndiyo, kila wikendi. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anasukuma kigari cha maji na magazeti, na kuwaonyesha wageni lifti iko wapi. Kisha akasema, bila hata kufikiria, "Kwetu siruhusiwi hata kupima mtu presha."

Hapo ndipo kitu kilinivunjika ndani. Kwao hashiki hata mashine ya presha. Hapa ameshika sindano. Katikati ya hayo mawili kuna nini kilibadilika? Hajasoma chochote zaidi. Amepanda ndege tu.

Siku ya sita jamaa alirudi. Kidonda kilikuwa kimefunguka upande mmoja na kinatoa usaha. Sisemi ni mshono. Kidonda kinaweza kuoza hata ukishonwa na profesa, na jamaa alikuwa amerudi kazini kwa vumbi siku ya pili. Lakini aliuliza swali ambalo sijawahi kulijibu: "Yule daktari wenu yuko wapi, anione?" Alikuwa ameshapanda ndege. Siku hiyo pia ile video ilikuwa imepata watazamaji wengi kuliko kitu chochote nilichowahi kushuti.

Kwa nini watoto wa watu wanakuja kufanya hivi? Si ati wamelaaniwa. Kuna sababu, na ni vizuri uielewe. Marekani hautoki sekondari ukaingia udaktari moja kwa moja kama hapa. Unasoma digrii ya kwanza, kwa kawaida miaka 4, unafanya mtihani unaoitwa MCAT, ndipo unaomba nafasi ya chuo cha udaktari. Ushindani ni mkali. Vyuo vinapenda kuona kwamba umeshinda na wagonjwa. Sasa kijana wa miaka kumi na tisa anataka masaa ya hospitali, hospitali ya kwao inampa kigari cha maji, halafu kampuni inamwambia kuna mahali atafanya mengi zaidi. Mahali hapo ni kwetu. Msichana yule aliniambia alilipa zaidi ya dola elfu mbili kwa wiki tatu. Mimi niliona hospitali ikiachiwa maboksi ya glovu na picha ya pamoja.

Na usidhani hata wakubwa wao hawajui. Muungano wa vyuo vya udaktari vya Marekani, AAMC, ulitoa mwongozo mwaka wa 2011 kwa wanafunzi kama hao wanaoenda nje. Ujumbe wake kwa lugha ya mtaa ni huu: kama haujafunzwa hiyo kazi na kwenu hauruhusiwi, usiende kuifanyia kwa watu. Kwa hivyo mimi sileti chuki hapa. Nasema kile wamejiandikia wenyewe.

Sasa geuza hii stori. Chukua mwanafunzi wa udaktari wa Kenya, mwaka wa tano, ameshazalisha akina mama, ameshashona watu chini ya mwalimu wake. Anataka kwenda kujifunza kwa muda hospitali ya London. Viza ya mgeni ya Uingereza inamruhusu kwenda, lakini kwa masharti: asilipwe, na asitibu mgonjwa. Aangalie tu. Muuguzi wetu aliyefuzu kabisa, mwenye leseni na miaka kumi ya kazi, akitaka kazi huko lazima apite mtihani wa Kiingereza, mtihani wa kompyuta, na mtihani wa vitendo, kabla wamkubali kama muuguzi.

Na mimi sioni vibaya. Wako sawa! Wanalinda watu wao. Swali langu ni moja tu: sisi watu wetu nani anawalinda?

Sheria si ati hatuna. Daktari wa kigeni anafaa apate leseni ya KMPDC kabla ya kutibu mtu hapa. Wauguzi wana Baraza lao. Sheria ya Afya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe anachofanyiwa na akubali mwenyewe, na mambo yake yawe siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka habari za afya kati ya zile nyeti kabisa, na habari za mtoto hazichukuliwi bila idhini ya mzazi. Kwa hivyo ile video ya mtoto mwenye utapiamlo uliyolaikiwa na rafiki yako, jiulize kama mamake alielezwa inaenda wapi. Mimi nilizishuti nyingi. Mama angeuliza, "Ni za nini?" nami nasema, "Ni za hospitali, mama." Hazikuwa za hospitali. Nimezifuta zile nilizokuwa nazo. Zile za kwenye kurasa za watu wengine siwezi kuzifuta.

Kama unafikiri natia chumvi, angalia jirani zetu Uganda. Renee Bach, msichana wa Marekani asiye na masomo ya udaktari, alifungua kituo cha watoto wenye utapiamlo Jinja mwaka wa 2009, akiwa na miaka ishirini hivi. Kati ya 2010 na 2015 kituo kilipokea watoto 940, na 105 kati yao walifariki. Mwaka wa 2019 akina mama wawili walimpeleka mahakamani pamoja na shirika la mawakili wa kutetea wanawake. Walisema walimwona na koti jeupe na stethoskopu, wakaamini ni daktari. Yeye alikana kujiita daktari. 2020 wakaelewana nje ya kesi, akina mama wakalipwa, na hakuna kosa lililokubaliwa. Sasa, wengi wa watoto wale walifika wakiwa hali mbaya sana, na mimi si hakimu. Sisemi pia kwamba wanafunzi wangu wanane ni kama yeye. Ninachosema ni kwamba nilipomsoma nilisimama pale kwa koti. Koti lile lile. Mama amebeba mtoto mgonjwa, anaona koti, anatoa mtoto. Koti linafanya kazi ya leseni bila mtu yeyote kusema neno.

Nikisema haya kuna msee lazima atajibu: bora huyo kuliko hakuna mtu. Hospitali hazina watu, buda, acha watusaidie.

Nimeifikiria hiyo sana, juu usiku ule ilionekana ni ukweli. Afisa wa kliniki hakuwa mvivu. Alikuwa peke yake na mama anakufa ndani. Yeye simlaumu kama ninavyojilaumu. Lakini sema basi kwa nini alikuwa peke yake. Ni juu Kenya haina watu waliosoma? Mwaka wa 2024 madaktari waligoma siku 56, kutoka Machi hadi Mei, na moja ya mambo makubwa ilikuwa madaktari wanagenzi, wale tunaita intani. Wamemaliza chuo, wako tayari, wanangoja kutumwa hospitalini. Mkataba wa 2017 ulisema walipwe karibu 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000. Na 2021 serikali yetu ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wauguzi wetu wasio na kazi huko.

Isome tena polepole. Tunapeleka waliofuzu London, na tunapokea mwaka wa kwanza wa baiolojia. Mikono iliyofunzwa tunayo. Kinachokosekana ni pesa ya kuilipa, ama tuseme nia ya kuilipa. Na kila tukijaza lile pengo na mtoto wa kujitolea, tunampa mwenye bajeti sababu ya kulala. Atasema wodi inaenda. Si kuna watu pale?

Hapa nataka pia niwe mkweli kwa upande mwingine, juu nisiposema hii nitakuwa nimewadanganya. Kati ya wale wanane kulikuwa na dada mmoja kutoka Scotland, anasoma udaktari mwaka wa tatu. Siku ya kwanza aliambiwa atoe damu mtoto, akasema, "Hapana, sijafunzwa kwa watoto." Wenzake wakamwona anaogopa. Akaenda kwa muuguzi mkuu akamuuliza ni kazi gani inawachelewesha zaidi. Muuguzi akacheka, akamfungulia chumba cha faili. Manze, ile chumba! Faili za miaka zimelala chini, panya wamekula zingine. Dada yule na mimi tulikaa humo wiki mbili, tukapanga kwa herufi na kwa mwaka. Mchana alikuwa anasimama nyuma ya daktari, anaangalia, anauliza. Aliniomba nimfunze sentensi moja ya Kiswahili, na kila mgonjwa alimwambia kabla ya kitu kingine: "Mimi ni mwanafunzi, naomba kuangalia, ukikataa ni sawa." Wengi walikubali. Wawili walikataa, akatoka nje bila kununa.

Ukiniuliza ni nani aliisaidia hospitali ile, ni yeye, na hakudunga mtu hata mmoja. Siku za kliniki, faili ilianza kupatikana kwa dakika badala ya saa nzima. Hakuna video ya hiyo. Nilijaribu kushuti, lakini nani anataka kutazama mtu akipanga faili?

Na mipango mizuri iko. Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana wamefanya kazi pamoja Eldoret zaidi ya miaka 30. Wanafunzi wa huko wanakuja, na wanafunzi wa Moi pia wanaenda Indiana. Njia inapita pande mbili, na wenyeji na wageni wanajuana kwa majina miaka nenda miaka rudi. Hiyo ni tofauti na kulipa kampuni, kukaa wiki tatu, na kutoweka na picha. Kwa hivyo sitaki wanafunzi wafungiwe mlango. Nataka waingie kama wanafunzi.

Sasa wewe unayesoma hii uko wapi kwa stori? Pengine uko karibu kuliko unavyodhani.

Kama wewe ni mwanafunzi na unapanga kwenda kujitolea hospitali ya nchi nyingine, kuanzia Kampala hadi Toronto, jiulize swali moja kabla ya kushika chochote: kwetu ningeruhusiwa? Kama jibu ni hapana, jibu ni hapana na huko pia. Uliza nani atakusimamia, kwa cheo, na atakuwa chumbani ama atakuwa amekimbia kwingine. Uliza pesa yako ngapi inafika hospitali. Ukikosa majibu, hiyo ni safari ya kutalii, na kutalii si dhambi, nenda tu Diani.

Kama wewe ni kama mimi, wa kutafsiri, wa kushuti, wa kuendesha teksi ya wageni: wewe ndiye mdomo wa mgonjwa pale. Usiache neno lipite. Najua elfu mbili ni elfu mbili, na najua landilodi haelewi maadili. Bado.

Na kama wewe ni mgonjwa, ama umempeleka shosh wako, ama dada yako anajifungua: una haki ya kuuliza. Si lazima ugombane. Sema tu kwa heshima, "Samahani, wewe umefuzu ama ni mwanafunzi? Mkubwa wako yuko wapi?" Mwanafunzi mzuri hatakasirika. Huyo wa kukasirika ndiye hufai kumpa mkono wako.

Yule jamaa wa bodaboda sijawahi kumwona tena. Nilisikia alipona, na yuko barabarani. Lakini kuna sentensi namdaia, na nimeifanyia mazoezi mara nyingi. Alipouliza huyu daktari katoka nchi gani, nilifaa kumjibu hivi:

"Kaka, huyu si daktari. Ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, anatoka Marekani, na hajawahi kushona mtu. Daktari yuko ndani na mgonjwa mwingine. Unaweza kumngoja, ama unaweza kukubali huyu. Wewe ndiye utaamua."

Pengine angekubali. Alikuwa na maumivu, na alikuwa na haraka ya kurudi kazini. Lakini angekuwa amekubali yeye mwenyewe.